Miaka Ishirini na Miwili ya Kuanguka

Nimechoka kuanguka. Nalisema mapema, maana hapa Cangzhou, mji wetu wa Uchina, watu wananiona mtu mwenye bahati: binti na mwanafunzi wa kwanza wa Mwalimu Geng, mzee wa miaka sabini na tisa ambaye akikugusa unaruka.

Kila asubuhi Baba husimama uani nusu saa nzima, magoti yamelegea, mikono kama amekumbatia mtungi, akishusha pumzi mpaka chini ya kitovu. Kisha anaanza miondoko yetu ya mapigano, polepole kiasi kwamba jirani huwa anauliza kama amesinzia. Pumzi hiyo si uongo. Nimeifuata tangu nina miaka tisa na naijua: viganja hupata moto, mgongo hunyooka, hata hasira zangu hutulia, na hasira ninazo.

Uongo uko kwenye kusukuma. Mazoezi yakiisha, mwanafunzi husimama mbele ya Baba, Baba humgusa kwa kile anachokiita nguvu ya ndani, naye hurushwa hatua tano hadi kwenye mkeka wa ukutani. Wa kwanza kurushwa nilikuwa mimi. Ni miaka ishirini na miwili sasa: tulikuwa tumemzika Mama wiki hiyo, Baba alikuwa hali chakula, hasemi. Aliponigusa, nilimwonea huruma nikajirusha mwenyewe. Akatabasamu. Mchovya asali hachovyi mara moja. Wanafunzi wengine waliponiona mimi, dada yao mkubwa wa mazoezi, naruka, nao wakaruka, kwani kwetu nani hubaki wima pale alipoanguka mkubwa wake?

Sasa Bian, kijana wa ukumbi wa ngumi, amesema anataka kuionja hiyo nguvu ya ndani Jumamosi, mbele ya watu. Baba akakubali.

"Baba, yule anapiga kweli," nilimwambia juzi tukinywa uji.

"Na mimi nasukuma kweli."

"Ana kilo themanini na tano."

"Basi atatoa kishindo kizuri. Kunywa uji, unapoa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikanywa uji, lakini moyoni nilishaamua: afadhali aibu aipate kwangu kuliko ngumi aipate kwa Bian.

Leo wanafunzi kumi na wawili walijipanga uani. Kou, muuza vioo, akaanza utani wake.

"Dada Suqin, leo ruka kwa adabu. Jana nusura uniue na hiyo nyonga."

"Wewe nani alikutuma ukae karibu na mkeka?"

Wakacheka. Baba akashusha pumzi, akaniwekea kiganja begani, akasukuma. Sikuruka.

Akasukuma tena. Miguu yangu ilibaki palepale, na kicheko kikafa. Nilisikia mkono wake begani, mwepesi, mifupa mitupu. Niliogopa kumtazama usoni. Nilipomtazama, sikuona mshangao wowote. Alisogea karibu kama anayenirekebisha bega, akaninong'oneza:

"Anguka, mwanangu."

"Kumbe unajua," nikamnong'oneza. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Uliruka hata sijakusukuma."

"Sasa Jumamosi unakwenda kufanya nini?"

"Nitakataaje, Suqin? Watu kumi na wawili wameniamini."

Nilitaka kumfokea. Miaka yote hiyo, na mgongo wangu huu. Lakini alikuwa amening'ang'ania bega, na niliona ananitegemea ili asimame.

"Iache Jumamosi," nikamwambia. "Ukiiacha, nitaanguka."

Akavuta pumzi moja ndefu, ile ya chini ya kitovu.

"Haya. Naiacha."

Nikajirusha kuliko siku zote. Nilipiga mkeka kwa mgongo, nikateleza hadi chini, na uwanja mzima ukapiga makofi. Kou akasema hiyo kiboko, maana safari hii Mwalimu alikusanya nguvu mara mbili kwanza. Baba akangoja watulie. Akawaambia Jumamosi hakuna pambano, yeye ni mzee na hapigani na watoto, mwenye neno aende zake.

Kisha akaja mpaka mkekani. Hajawahi kumwinua mwanafunzi, sisi huinuka wenyewe. Akainama, akanipa mkono, akavuta. Mkono huo haukuweza kuinua hata ndoo ya maji. Nikasukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, taratibu, ili wote waone ni yeye anayeniinua.