Zamu ya Kwanza ya Makongeni

Mwaka wa tisini na sita kiwanda cha mablanketi kilifungwa, mitumba ikiwa imekikaba koo, na timu yake ya kandanda ikabaki yatima. Kamati ya ligi ya mitaa ya Eastlands ikaamua wachezaji wagawanywe kwa zamu. Timu iliyoshika mkia ingechagua kwanza, iliyo juu yake ifuate, hivyo hivyo hadi kileleni, kisha mzunguko urudiwe mara moja tu. Mkia ule ulikuwa wa Makongeni Nyota, na kocha wao alikuwa Wakoli, mchomeleaji wa mageti.

Mtaa mzima ulishamchagulia. Kila aliyekutana naye alimtajia jina moja: Mureithi, yule mshambuliaji aliyefunga mabao kama mtu anayekunywa maji. Kinyozi alimtajia akiwa ameshika wembe shingoni mwake. Shemasi alimtajia mlangoni pa kanisa, kabla hata ya kumwuliza hali.

Shauri lilikuwa limeshakwisha, mpaka Wehliye, kocha wa timu ya Eastleigh, alipomfuata pale anapochomelea. Wehliye aliuza vitambaa na hakupenda maneno ya kuzunguka.

"Kocha, nipe zamu yako ya kwanza. Mimi nitakupa zangu zote mbili, ya tatu na ile ya mzunguko wa pili. Wewe utoke na watu watatu, mimi nitoke na mmoja."

"Mureithi."

"Sikuja kukuficha."

Wakoli alisema atafikiri. Kuanzia hapo hakukalika. Aliunga bawaba upande usio wake, akalazimika kuikata. Nyumbani alisimama, akaketi, akatoka hadi kwenye mfereji wa maji, akarudi bila maji.

Alilojua na ambalo mtaa haukutaka kulisikia ni kwamba Nyota haikuwa na njaa ya mabao. Kufunga walifunga. Kilichowazika ni mabao waliyofungwa. Mabeki walikuwa wepesi kama pazia, na golini alikaa Wabwire, mdogo wake wa tumbo moja. Wakoli alimleta kutoka Bungoma mama yao alipofariki, na mpaka sasa alilala kwenye kochi la sebuleni. Wabwire alikuwa na moyo wa simba, lakini mipira ya juu ilimteleza mikononi. Na miongoni mwa yatima wale wa kiwanda alikuwemo Matheka, kipa ambaye hata wapinzani walimpigia makofi. Ukishika zamu ya tatu, unampata Matheka, halafu mabeki wawili. Hapo ndipo Wakoli alipokwama.

"Kama golini asingekuwa ndugu yako, ungefanya nini?" mkewe Triza alimwuliza, akichambua sukuma wiki.

"Ningebadilishana na Wehliye bila kufikiri."

"Basi unajua."

"Sijui, Mama Mitchelle. Labda nataka kubadilishana ili watu wasiseme nampendelea. Labda nataka Mureithi ili nisimwondoe. Kila nikishika upande, naona nina sababu mbaya."

"Mwambie Wabwire kwanza, asije akaambiwa na watu."

Alikusudia kumwambia. Lakini Wabwire aliingia akiwa na furaha, akajirusha kwenye kochi lake na kusema, "Mureithi akija, bro, hata nikifungwa mawili tutarudisha matatu." Wakoli akameza maneno yake pamoja na chai.

Jumamosi mchana ukumbi wa jamii ulijaa hadi madirishani. Mwenyekiti alipoita Makongeni, Wakoli alisimama, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba zamu yake ya kwanza inakwenda Eastleigh, naye anachukua zao mbili. Kelele zikalipuka. Mtu mmoja alimwuliza amekula nini. Wehliye akasimama bila haraka, akamtaja Mureithi.

Zamu ya pili ilikuwa ya Irungu, kocha wa timu ya Kayole. Irungu alikuwa na kipa mzuri, na Wakoli alikuwa ametegemea hilo. Asichojua ni kwamba kipa huyo alikuwa amepata kazi Thika na kufunga virago wiki ile ile, na Irungu aliifunga siri hiyo kifuani.

"Matheka," alisema Irungu.

Ukumbi wote ulikuwa unamtazama Wakoli, na mwenyekiti aliita Makongeni mara mbili. Akamtaja Mbuthia, beki mzito asiyependa maneno. Katika mzunguko wa pili akachukua beki mwingine na kiungo mmoja. Alipogeuka kuondoka alimwona Wabwire ameegemea mlango, na usoni mwake akajua kuwa ameshaelewa.

Walitembea pamoja hadi nyumbani. Kwenye ngazi Wabwire alisimama.

"Ulimkusudia Matheka."

"Ndiyo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia. Nilishindwa."

"Sasa utaniweka golini kwa sababu umemkosa mwingine."

Wabwire akampita Wakoli, akapanda ngazi.

Mechi ya kwanza ilikuwa na Eastleigh, na watu walikuja kuona Wakoli akiaibishwa. Mureithi alifunga mapema kwa kichwa. Baada ya hapo hakupata nafasi, kwani Mbuthia alimganda kama kivuli, na kila mpira uliompita beki huyo, Wabwire aliudaka kwa hasira, akiukumbatia kifuani kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya. Nyota wakasawazisha kwa penalti. Msimu mzima ukaenda hivyo. Hawakuchukua kombe, lakini mkia waliuacha kwa wengine, na kinyozi akaanza kusema kwamba yeye tangu mwanzo aliunga mkono.

Wabwire alicheza kila mechi na kumjibu kaka yake kwa adabu, maneno machache, kama mpangaji. Msimu ulipokwisha alihamia Njiru na kujiunga na timu ya huko. Alimuaga Triza na kumbusu mtoto Mitchelle. Wakoli aliipata habari kwa mkewe, akaketi, akasimama, akaketi tena.

Jumapili moja alifunga safari hadi Njiru, akasimama nyuma ya goli mechi ikiendelea. Wabwire aliruka, akadaka mpira wa juu kwa mikono miwili, safi, kisha akageuka akamwona.

"Usisimame hapo," alisema. "Unanitia wasiwasi."

Wakoli akasogea hadi kwenye kibendera cha kona. Alitamani kwenda zake, alitamani kurudi pale nyuma ya goli. Alibaki kwenye kona, akibadilisha mguu wa kuegemea, mpaka refa alipopuliza filimbi ya mwisho na Wabwire akaanza kuvua glavu, akija upande wake polepole.