Sweta Jekundu la Rohtash

Kwetu Panipat, mji wa viwanda vya blanketi, hakuna anayetia sufu rangi nyekundu. Inakuja imeshakuwa nyekundu, imefungwa kwenye marobota ya mitumba kutoka nchi za theluji, nasi wanawake tunakaa juu ya mlima wa nguo tukitenga: nyekundu huku, buluu kule, nyeusi kwenye kona. Kisu kimesimikwa mbele ya magoti. Unakata vifungo, unakata zipu, unatupa. Baada ya miaka kumi na tisa mikono haikuulizi kitu, na wewe unabaki kuota. Mwenye koti hili alikuwa mrefu. Mwenye gauni hili alilia ndani ya treni. Vumbi la sufu linaelea juu yetu, na saa zinapita bila kuaga.

Wifi yangu Bhateri, mjane wa kaka yangu Rohtash, hukaa mkabala nami. Baridi yote ile alivaa sweta jekundu la marehemu, la vifungo, juu ya sari. Alilifuma mwenyewe mwaka walipooana. Rohtash alichukuliwa na ukungu wa barabara kuu, yeye na lori lake, na kilichobaki ni sweta alilosahau nyumbani.

Mchana mmoja jua lilitoka. Bhateri akalivua, akalitundika kwenye robota, akaenda kunywa chai. Aliporudi halikuwepo.

"Nani kachukua sweta langu?"

"Labda limerudi kwao Ulaya," Dhanno, mwenzetu wa pale mlimani, akatania. Tukacheka. Bhateri hakucheka.

"Kumbe ni wewe, Dhanno! Tutaonana."

Vifungo ni haki ya aliyevikata, ndiyo desturi yetu. Jioni nikamwaga vyangu kwenye sinia, na vitano vikanikodolea macho. Vinne vyeusi, kimoja cheupe. Kile cheupe nilikishona mimi kwenye sweta lile, kwa haraka, Rohtash kasimama mlangoni huku lori linanguruma nje. Kumbe lilidondoka mlimani, nami nikalikata huku naota.

Alfajiri nilikimbilia mashine ya kuchana.

"Nyekundu ya jana?" fundi Iliyas akasema. "Dada, hiyo sasa ni nyuzi. Keshokutwa mablanketi."

"Yapi?"

"Mia mbili na ushee. Unataka lipi? Yote ndugu hayo."

Nilivificha vifungo siku mbili, na sioni aibu kusema niliogopa. Bhateri alitetemeka ndani ya shali yake, hamsemeshi Dhanno, na Dhanno wa watu hakujua la kujitetea. Mimi nilitenga nguo nikimwona kaka yangu kila mahali, amekaa kwenye vumbi lile linaloelea, ananitazama tu.

Siku ya tatu mablanketi yakapangwa ghalani. Nikamshika wifi mkono, nikampeleka, nikafungua kiganja chenye vile vifungo mbele yake.

"Ni mimi, wifi. Nilikata bila kuangalia."

Alikitazama kile cheupe.

"Wewe ndiye uliyekishona hiki."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyekikata."

"Ndiyo, wifi."

Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga. Alivichukua vifungo, akaingia katikati ya mablanketi, akawa anaweka uso wake kwenye hili, kisha lile, kama mama anayenusa watoto waliolala. Yote yalinuka mafuta ya mashine. Mwishowe akavuta moja.

"Hili."

"Umejuaje?"

"Sijui chochote," akasema, machozi yakimtoka. "Ondoka mbele yangu."

Alimwomba Dhanno radhi siku hiyohiyo. Mimi hakunisemesha wiki tatu. Tulikaa mkabala kama kawaida, magoti yanakaribia kugusana, na nyekundu ikapita kati yetu tani kwa tani. Nilimkosa wifi yangu naye yupo palepale.

Kisha asubuhi moja ya baridi akaja amevaa kizibao kilichokatwa kwenye lile blanketi lake, mishono imeenda upande. Kimefungwa vifungo vitano. Vinne vyeusi, kimoja cheupe.

Mchana jua likatoka. Kila mtu akajifanya ana kazi. Bhateri akakivua kizibao, akalitazama robota, akautazama mlima wa nguo nyekundu. Halafu akauvuka, akakiweka mapajani mwangu.

"Shika," akasema. "Naenda kunywa chai."

Nikasogea mbali na kisu, nikakishika kwa mikono yote miwili mpaka aliporudi.