Chokaa ya Wageni

Rahima alikuwa amepiga magoti katikati ya jabia ya kukingia mvua, akikwangua chokaa kwa patasi ya marehemu mumewe. Asubuhi alianza na kuta. Sasa alikuwa sakafuni, pale ufa mkubwa unapoanzia. Chokaa ilitoka magamba magamba kama maganda ya yai, na chini yake saruji ikaonekana ilivyo: ya kijivu, imepasuka, imeota ukungu mweusi kando ya nyufa. Kila alipofikia ufa alitia ncha ya patasi ndani, akachokonoa chokaa nzito iliyojazwa humo, akaitupa kwenye karai.

Nyuma yake wifi yake, Nusra, alikuwa akizoa kwa ufagio wa chelewa.

"Wajua tulilofanya?" Nusra akasema. "Mgonjwa tumempaka wanja, tukamfukiza udi, ndipo tukamwita daktari. Daktari akisema huyu mzima, twamlaumu."

Rahima alicheka, lakini mkono haukusimama.

Jabia ile ndiyo iliyokuwa ikiwanywesha watu wa kisiwa cha Ndau: uwanja mpana wa saruji, umeinama upande mmoja, ili mvua ikinyesha maji yateremke hadi kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Tangu sakafu ipasuke, mchanga ndio ulioinywa mvua. Watu walirudi kwenye kisima, ambacho maji yake ni ya chumvi. Chai yake haina ladha ya chai, na sabuni haitoi povu hata uisugue mpaka iishe. Mwenye uwezo aliagiza madumu ya maji matamu kwa mashua. Asiye na uwezo alikunywa yaliyopo.

Mwaka uliopita watu wa idara ya maji walituma ujumbe kwamba watakuja kutazama. Mji ukafanya kama unavyofanya siku zote wageni wakitajwa. Athman, mzee wa kijiji na ami yake Rahima, alisema haiwezekani wageni wakute mahali pachafu. Wanaume wakaipaka jabia chokaa, na palipopasuka wakaziba kwanza ili brashi ipite vizuri. Wanawake wakatandika mikeka, wakapika, na maji baridi ya kunywa yakaletwa kutoka mji wa Amu. Rahima mwenyewe alikaanga mahamri. Wageni wakala, wakashukuru, wakapiga picha, wakaenda zao. Hakuna aliyemdanganya mwenziwe. Walionyeshwa jabia nyeupe, wakaandika jabia nyeupe.

Juma lililopita Rahima alivuka kwenda Pate kwenye mkutano wa kutoa maoni ya wananchi. Alisimama akasema jabia ya Ndau inavuja. Afisa wa maji wa siku ile, kijana aitwaye Bi Bochaberi, alitafuta kwenye kompyuta yake, na picha ikatokea ukutani: jabia imeng'ara juani kama sahani. Bwana mmoja wa kijiji kingine akauliza kwa upole kama watu wa Ndau wangependa kubadilishana na wao. Ukumbi mzima ukacheka. Rahima hakuketi. Alingoja kicheko kiishe, akasema picha ile ni ya kweli na anayoyasema yeye pia ni ya kweli, basi waje watazame tena. Bi Bochaberi akasema Alhamisi ana safari ya visiwa vya juu, atapitia Ndau asubuhi. Baada ya hapo mpango wa ukarabati unafungwa, na kijiji kisichomo kitangoja mwaka mwingine.

Alhamisi ilikuwa kesho.

Tangu asubuhi watu walikuwa wakipita na kila mmoja akiacha neno lake. Kuna aliyesema serikali haitaleta kitu, saruji itaishia njiani. Bibi mmoja alisema zamani jabia ilikuwa ikitengenezwa na wenyewe, hakuna aliyengoja afisa, na Rahima akamjibu kwamba mchanga na mikono wanayo hata leo, kilichokosekana ni saruji ya kutosha na fundi. Wengine walisema anauvua mji nguo. Rahima aliwasikiliza wote. Hakuona kama kuna aliyekosea kabisa.

Harith, kijana wa mtaani, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jabia na simu yake tangu adhuhuri.

"Bi Rahima, sisi tumepiga kura," akasema. "Hii ni kazi yao. Wewe wajichosha bure."

"Kura tumepiga," Rahima akasema. "Lakini hapo ulipokaa pana ufa. Hebu sogea."

Harith akasogea. Rahima akakwangua pale, ufa ukatokea, mrefu kuliko alivyodhani mwenyewe. Harith aliutazama, akautazama tena, kisha akasogea zaidi bila kuambiwa. Nusra akasema kijana akiendelea hivyo mpaka jioni atakuwa amezunguka jabia nzima, na hiyo nayo ni kazi.

Baada ya sala ya alasiri Athman akaja. Alisimama ukingoni na kanzu yake ya msikitini. Nusra alishusha ufagio. Harith alitia simu mfukoni.

"Rahima," akasema mzee, "babako angekuwa hai angekuuliza, mgeni hupokewa hivi katika nti gani?"

Rahima aliinuka, akafuta mikono kwenye leso, akamwamkia. Alikuwa ameogopa saa hii kuliko kicheko cha Pate. Ami yake ndiye aliyemlea baada ya babake kufa, na kuipaka chokaa jabia ile kulikuwa ni amri yake.

"Ami, wa kesho simwiti kula," akasema. "Namwita aone. Akitoka hapa na picha kama ile ya kwanza, basi twanywa chumvi mwaka mzima, na tutakuwa tumejitakia."

"Watasema Ndau ni watu wachafu."

"Na waseme. Tukishapata maji tutaosha."

Rahima alichukua ndoo ya maji ya kisima iliyokuwa pembeni, akaimwaga polepole juu ya ufa mkubwa. Maji yalitapakaa kidogo, yakakusanyika, kisha yakazama. Hata tone halikufika kwenye tundu la tangi. Sakafuni ilibaki alama yenye unyevu, nayo ikaanza kukauka.

Athman alivua viatu, akashuka jabiani. Alichutama kwa taabu, akaokota pande la chokaa kutoka kwenye karai, akaligeuza mkononi. Lilikuwa bado na alama za vidole.

"Hili nililibandika mimi," akasema. "Nilisema, ufa usije ukawachukiza wageni."

Mzee aliuliza kama kuna patasi nyingine. Nusra akampa kisu butu. Akaikunja kanzu, akaanza kukwangua upande wa kibla, polepole, kwa umakini uleule aliopakia chokaa.

Walifanya kazi hivyo kwa muda. Kisha Athman akasema, bila kuinua kichwa, kwamba liko jambo moja hatalikubali: mgeni kupewa maji ya chumvi anywe. Hilo hata Ndau ikikauka yote halitafanyika. Rahima akasema ni sawa. Maji ya kunywa yataletwa matamu.

"Lakini ya kunawa," akasema mzee, "ya kunawa yatakuwa ya kisima. Nitamshikia birika mimi mwenyewe. Nitampa na sabuni mpya."

Nusra ndiye aliyeelewa kwanza, akajiziba mdomo kwa leso. Rahima akamwona akilini mwake Bi Bochaberi akisugua sabuni, akisugua, na povu halitoki, na mzee amesimama mbele yake kwa adabu zote, akimmiminia tena.

Adhana ya magharibi ilipolia, upande wa tangi ulikuwa bado mweupe, na karibu theluthi ya sakafu. Mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa bahari, lakini mvua yake si ya usiku huu. Athman alivaa viatu akaelekea msikitini, kanzu imejaa vumbi. Harith alisema kesho alfajiri atakuja na wenzake wawili na majembe, wazoe kifusi kutoka kwenye njia ya maji. Rahima hakumwambia kwamba anamwamini, wala kwamba hamwamini. Alimwambia alete na ndoo.

Aliisimamisha patasi ndani ya ufa, mahali alipofikia, asije akapatafuta asubuhi, akamsaidia Nusra kubeba karai.