Mama Mmoja kwa Mfumo Mzima

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Chibalonza alikuwa jikoni kwa Mzee Kevin, mtaa wa Guildford, Sydney, anamkatia tosti vipande vinne, kwa sababu Mzee Kevin hali tosti iliyokatwa viwili. Alipokuwa anapaka siagi kipande cha tatu, shirika likawasha mfumo wake mpya. Mkono wake ulipoinuka, uliinuka katika nyumba kumi na moja. Huku ulishika kisu, Cabramatta ulishika chupa ya shampuu juu ya kichwa cha Bi Huong, Campbelltown ulishika soksi ya mwalimu mstaafu. Ni Chibalonza yuleyule, sare ileile, kitambulisho kilekile kifuani. Mzee Kevin aliuliza kama chai iko tayari.

Shirika hilo la kutunza wazee majumbani lilikuwa na ofisi Parramatta, juu ya duka la miwani. Miaka yote meneja wake, Bridget, aliliendesha kwa simu moja na ubao mweupe, na wazee waliogeshwa na kula. Lakini wakubwa waliona haya. Walitaka mfumo wa wavuti wa kampuni kubwa, na kwa kuwa kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, waliona ni bora waanze na mfumo.

Mfumo ulijengwa juu ya kiunzi. Kiunzi, ambacho mafundi hukiita framework, kwa asiyejua, ni nyumba ya programu iliyokwisha kujengwa na watu usiowajua: kuta zipo, mabomba yapo, hata desturi za nyumba zipo, na wewe unakuja na vyombo vyako kuambiwa uviweke wapi. Faida yake ni kwamba huna haja ya kufikiri sana. Hasara yake ni hiyohiyo.

Kiunzi kina imani zake, na anayekitumia hujadiliana nazo kama kuku anavyojadiliana na mwewe. Wewe hukiiti; chenyewe ndicho kinachokuita. Kitu chochote ndani yake hakiendi kujitafutia kinachohitaji, bali kinatangaza haja yake na kukaa kimya, nacho kiunzi kinakileta kinachohitajika na kukipachika hapo. Na kama kitu kimoja kinaweza kuwahudumia wote, basi hutengenezwa kimoja tu, mara ya kwanza kinapoitwa, kisha hushikiliwa hichohicho mpaka mfumo uzimwe.

Asubuhi ile wa kwanza kuitwa alikuwa Chibalonza, kwa sababu Chibalonza huwahi kazini. Wenzake kumi walipofungua simu zao walikuta ujumbe wa heshima: wasipige simu ofisini, watapigiwa.

Jioni hakurudi nyumbani Minto. Usiku nao kuna mzee wa kugeuzwa kitandani, na alfajiri kuna wa kupewa vidonge, kwa hiyo hapakuwa na saa ambayo hakuna nyumba inayomhitaji. Binti yake, Aksanti, aliweka wali kwenye friji. Jumanne akauweka tena.

Aksanti alikuwa na sababu ya kuhesabu siku. Jumamosi ile wakwe walikuwa wanakuja. Alikuwa anaolewa na Trésor, kijana wa Guildford, walikutana kwenye ghala la viatu walikofanya kazi wote wawili, na ukoo wa Trésor ulikuwa umeshanunua soda. Sasa, kwa desturi ya ukoo wa Chibalonza, mahari ni maneno ya wanaume mpaka mama wa binti apokee kitenge chake kwa mikono yake miwili. Shangazi hawezi kukipokea kwa niaba yake. Mama asipokishika, binti hatoki, hata wakwe walete ng'ombe mpaka barabara ya Campbelltown ifungwe.

Jumatano Aksanti alikwenda ofisini na mjomba wake, Akilimali, kaka mkubwa wa Chibalonza, amevaa koti la harusi ili wamsikilize. Walipokelewa na Oloo, kijana kutoka Kisumu aliyeujenga mfumo. Oloo alikuwa ameomba kazi Sydney nzima kwa miaka miwili, na kila mahali aliambiwa asipige simu, atapigiwa. Alipoisoma imani hiyo kwenye kitabu cha kiunzi, hakuhitaji kufundishwa.

"Kijana yangu," Akilimali alisema, "dada yangu alienda kazi Lundi, ile Jumatatu, mpaka leo hajarudia. Iko wapi?"

"Ako sawa, mzee. Ako online." Oloo aliwageuzia skrini. "Ni singleton. Mmoja kwa app yote. Kila client akiita, anapewa huyo huyo."

"Anakulaka saa ngapi?"

Oloo aliangalia. "Hiyo hatukuiweka."

Aksanti alikuja nchi hii ana miaka saba, na Kiswahili chake hukaa masikioni kuliko mdomoni. "So just make more of her," alisema. "Kila nyumba wake."

"Inawezekana. Ni mstari mmoja tu wa kubadilisha." Oloo alishusha sauti, maana mlango wa Bridget ulikuwa wazi. "Management walikataa. Wakiwa kumi na moja, wanalipwa kumi na moja."

"Basi uzime hiyo masini," Akilimali alisema.

"Mzee, app ya enterprise haizimwi. Na hii si bug. Inawork vile ilidesigniwa."

Kulikuwa na kasoro moja tu, Oloo alikiri. Kwa kuwa ni mmoja, akishika jambo moyoni katika nyumba moja, linatokea katika zote. Jumanne Mzee Kevin alikuta chai yake ina sukari tatu za mwalimu mstaafu, na Bi Huong aliambiwa afunge mkanda wa suruali. Chibalonza alikuwa ameshatumiwa maelekezo kwamba akiwa kazini asiweke kitu moyoni.

Njia ilikuwa moja. Kiunzi hupeleka mtu palipotangazwa haja. Aksanti ajiandikishe kuwa mteja, atangaze haja yake, na Jumamosi mama ataletwa.

Akilimali alisimama. "Kuomba mama ni kazi ya yatima! Huyu mama yake ni mzima. Tutamuomba sawa vile watu wanaombaka pizza?"

"Uncle, please," Aksanti alisema. "Ni Jumamosi."

Akilimali alikaa. Lisilo budi hutendwa. Oloo alifungua ukurasa wa huduma: kuogeshwa, kulishwa, vidonge, kufuliwa nguo, mazungumzo. Aksanti alitafuta mama juu mpaka chini, akarudi chini mpaka juu.

"Framework haijui mama," Oloo alimwambia kwa upole. "Inajua tu mwenye anatimiza mkataba: anaosha, analisha, anafua. Chagua yenye iko karibu."

Mazungumzo yalikuwa yamejaa mpaka Oktoba. Aksanti alichagua kufuliwa nguo, Jumamosi saa tisa alasiri, dakika arobaini na tano.

Huduma hutolewa nyumbani kwa mteja, kwa hiyo ukumbi wa kanisa uliachwa na sherehe ikahamishiwa uani, Minto. Viti viliazimwa, kwaya ilipangwa kando ya mapipa ya taka, na watu wa Trésor walikaa wakitazamana na watu wa Aksanti, katikati yao ile kamba ya kuanikia nguo yenye mikono minne inayozunguka, iliyosimama nyuma ya kila nyumba ya mtaa ule. Wanaume walimaliza maneno yao mapema. Wakangoja.

Saa tisa kamili Chibalonza alikuwa hayupo, kisha akawa yupo, kando ya mashine ya kufulia, amevaa sare na glovu. Kwaya ilimpisha.

"Good afternoon, naitwa Chibalonza, mimi ndiye ninakuhudumia leo," alisema. "Jina lako na tarehe ya kuzaliwa?"

Alikuwa anamjua. Alimzaa mwenyewe, alimbeba mgongoni toka kijijini Walungu mpaka kambi ya wakimbizi, na macho yake yalikuwa yameshajaa. Lakini bila jina na tarehe huduma haifunguki. Aksanti alitaja jina lake, akataja tarehe ambayo mama yake alikuwepo kuliko mtu yeyote.

Shangazi wa Trésor, Nicole, mwanamke mnene mwenye viatu vya kung'aa, alileta kitenge kwenye sinia. Kilikuwa cha rangi ya chungwa na samawati, chenye ndege, kilichochapwa kwa nta halisi. Alipiga magoti mbele ya Chibalonza.

Chibalonza alirudisha mikono nyuma. "Haturuhusiwi kupokea zawadi kutoka kwa mteja," alisema. "Nikipokea, naondolewa hapa hapa. Mfumo unaona."

Aksanti alimtazama Trésor, Trésor akatazama viatu vyake. Dakika zilikuwa zinakwenda, na dakika hizo hazirudi. Katika nyumba nyingine kumi na moja Chibalonza alikuwa amesimama vilevile, mikono nyuma, na Mzee Kevin alikuwa anangoja kijiko.

Akilimali alikohoa. Ni mtu aliyevuka mipaka mitatu na kila mpaka una sheria yake. "Dada, hapa mutoto aliomba nini?"

"Kufuliwa nguo."

"Nguo chafu unaweza kupokea?"

"Chafu, ndiyo. Ndiyo kazi."

Nicole alikishusha kitenge chini, akakikunjua kwenye nyasi, akakikanyaga kwa kiatu chake cha kung'aa, mara moja, bila chuki. Kisha alikiokota na kukiweka tena kwenye sinia. Chibalonza alikipokea kwa mikono yake miwili, glovu na yote.

Furaha haijui maelekezo. Chibalonza akapiga kigelegele kirefu kile cha kwao, kinachopanda kama kitakata pumzi kisha kinapanda tena, na wanawake wote uani wakakidaka. Guildford, Mzee Kevin alitokwa na meno yake ya bandia kwa mshtuko. Cabramatta, Bi Huong alisikiliza mpaka mwisho akapiga makofi, kwa kuwa amewahi kuozesha mabinti. Mwalimu mstaafu alipiga simu kulalamika kuhusu kelele, akaambiwa asipige, atapigiwa.

Aksanti akawa ametolewa. Wakwe walikunywa soda. Trésor alitaka kumkumbatia mama mkwe, lakini dakika zilizobaki zilikuwa za kufua, na Chibalonza alifua. Hakutumia mashine. Alikisugua kitenge kwenye beseni kwa mkono, polepole, Aksanti amechuchumaa mbele yake, na walizungumza kidogo, kwa sauti ya chini, kwa sababu mazungumzo ni huduma nyingine. Alimwambia ale. Alimwambia asimjibu mume akiwa na njaa. Alikikamua kitenge, akakianika kwenye kamba, akaandika kwenye simu: nguo moja, imefuliwa, imerudishwa kwa mteja. Alikuwa amenyoosha mkono kumrekebishia Aksanti kilemba alipokuwa hayupo tena.

Kitenge kilibaki kinazunguka na upepo, kinadondosha maji kwenye viatu vya kwaya.

Jumatatu Bridget alimtumia Chibalonza ujumbe wa kumwambia kwamba shirika linathamini sana utamaduni wake, na kwamba amepangiwa mafunzo ya lazima kuhusu sauti. Oloo alipandishwa cheo. Wale kumi waliokuwa wakifanya kazi na Chibalonza bado wanangoja simu, na wawili kati yao wamejiandikisha kuwa wateja, ili walau wamwone anayefanya kazi zao.

Aksanti anaishi Guildford sasa, kwa mumewe, nyumba tatu kutoka kwa Mzee Kevin, ambako mama yake yupo kila asubuhi. Lakini hawezi kumwona huko. Mlango wa mteja ni wa mteja. Kwa hiyo kila Jumamosi saa tisa Aksanti anaomba kufuliwa nguo, nguo moja tu, na Chibalonza anatokea na glovu zake, anauliza jina na tarehe, anasugua kitenge kilekile kwa mkono, polepole. Ndege wameanza kuchuja rangi. Kila Ijumaa jioni, kabla ya kulala, Aksanti hukimwagia chai kidogo upindoni, maana mfumo haumtumi mtu kufua nguo safi.