Utambi Usiozimwa na Maji

Jumamosi moja ya Septemba 2003, Apondi alipiga pasi shati jeupe la mumewe, akatoka Kitengela kwenda ukumbini Isinya. Mumewe huyo, Ondiek, aliyefariki miaka mitano nyuma, alikuwa ameshafika. Nasike wa mapokezi alimtandikia gazeti kitini, kwa sababu vumbi la machimbo lilimdondoka bila kukoma.

"Umekonda, Ondiek. Huko hawapiki?"

"Wanapika. Chumvi ndiyo hakuna."

Apondi alimvisha shati.

Ukumbi ulikuwa wa Mzee Mustafe. Mwenyezi Mungu alimjaalia kubuni utambi wa baruti unaowaka hata ndani ya maji. Ukamtajirisha, naye akaanzisha tuzo kwa wanaookoa maisha ya watu. Madaktari walitoka nchi za mbali kuja kuipokea.

Machimboni kulikuwa na desturi: kabla ya kuwasha utambi, nyapara huita majina, na kila aliyekwisha kupanda juu hujibu, "Niko!" Asiyejibu husubiriwa. Siku aliyokufa Ondiek, 1998, mvua ilinyesha, nyapara akawasha utambi bila kuita, akakimbilia kibandani. Baadaye aliandika kwamba Ondiek hakuja kazini. Tangu hapo Ondiek huhudhuria kila mahali panapoitwa majina.

"Mzee," alisema Apondi, "mwite mara moja tu. Akijibu, mwandike alikuwa kazini."

Mustafe alivuta kiti karibu na marehemu, akatoa kidaftari.

"Bwana Ondiek, kuna jambo nimetaka kukuuliza siku nyingi. Shimo lilijaa maji?"

"Mpaka magotini, Mzee."

"Na utambi?"

"Uliwaka vizuri. Haukusita hata kidogo."

"Subhanallah," alisema Mustafe, akaandika kwa furaha. Kisha akamgeukia Apondi. "Ningemwita, mama, lakini orodha ni ya kamati."

Majina matatu ya washindi wa tuzo yaliitwa. Kila jina lilipotajwa Ondiek alinyanyuka, akafungua kinywa, akaketi tena. Watu wa nyuma walimwomba asiwazibe.

Mlangoni Apondi alimsihi Nasike amwandike japo katika kitabu cha wageni.

"Ako na kadi ya mwaliko?"

"Hana."

"Basi siwezi, mama. Bila kadi naandika hakuwepo." Aliandika, akapangusa vumbi kwenye ukurasa. "Na mwakani mje na gazeti lenu."

Ondiek alivua shati, akalikunja vizuri, akamrudishia mkewe.