Dakika Hamsini

Kazini walimwita Dakika Hamsini, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kila mteja aliyesitasita mbele ya meza yake ya tiketi za ndege alimwambia, “Kwa gari utaondoka alfajiri ufike usiku, mgongo hoi. Kwa ndege? Dakika hamsini! Hata soda hujaimaliza.” Mteja akanunua.

Alimwambia vivyo hivyo kwenye simu mama yake, aliyeishi peke yake katika mji zilikokwenda ndege hizo. “Kwani uko mbali, mama? Siku yoyote nakuja. Wewe teleka chai tu, haijapoa nimeshafika.” Siku yoyote, jamani, ndiyo siku isiyofika. Miaka mitatu ikapita. Kaka yake, dereva wa lori, ndiye aliyepitia kwa mama kila mwezi na vumbi lake mwilini.

“Mdogo wangu,” alimtania, “fimbo ya mbali haiui nyoka.”

“Mbali ni kwako wewe,” naye akamjibu.

Basi alfajiri moja jirani wa mama akapiga simu: mama hali yake mbaya, njooni. Kaka akaleta lori mpaka mlangoni. “Panda twende.”

“Kwa hilo lori lako kongwe? Tangulia, kaka. Utanikuta nimeshamwogesha mama na kumlisha.”

Uwanjani ukungu ulikuwa umetanda, ndege hazionekani hata mkia. Wakaambiwa wasubiri kidogo. Akapiga hesabu: hata nikikimbilia basi sasa hivi, ndege itanipita njiani. Mchana ukungu ukaondoka, injini ikaleta shida. Akapiga hesabu ile ile, ikampa jibu lile lile. Loo, hesabu gani hii ya kumkalisha mtu kwenye benchi na mama yake anakata roho? Lakini ndiyo aliyoijua, ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Jua lilipokwisha kuzama, simu ya kaka ikaingia. “Nimefika. Mama anakuulizia. Uko wapi?”

Alitazama mkoba uliokuwa mapajani pake. Aliona aibu kusema bado yuko benchini.

“Ndiyo tunaruka, kaka,” akasema. “Dakika hamsini.”

Ndege iliruka asubuhi ya pili yake. Ilitumia dakika hamsini, wala haikuzidisha hata moja.

Kaka alikuwa ameketi kizingitini, viatu vya jana bado miguuni. Alipoyaona macho yake tu, mdogo wake akajua mama hayupo tena.

“Lini?”

“Usiku.”

“Alisema nini?”

Kaka hakumlaumu, na heri angemlaumu. “Nilimwambia uko angani. Akafurahi, akaniambia niteleke chai. Ilipoa, akasema, ‘Ipashe, mwanangu yuko karibu.’ Nikapasha. Ikapoa tena, nikapasha. Mara ya tatu hakuniambia kitu.”

Mdogo wake aliingia chumbani akilia kwa sauti. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, mama amekwisha kuondolewa. Kando yake, juu ya stuli, kikombe kimefunikwa kisahani.

Akaketi pale mama alipolala, akakifunua. Chai ilikuwa imeganda utando juu.

“Lete nikupashie,” kaka akasema kutoka mlangoni.

“Acha, kaka. Hii ndiyo yangu.”

Akainywa yote, baridi hivyo hivyo, mpaka majani ya chini.