Nusu Ishirini na Mbili

Siku ya pili ya mfungo, mdogo wangu Ismi alinipigia simu kuniambia anaolewa. Nilikuwa nimeinama juani nikigeuza kerupuk mbichi, chipsi zetu za unga na kamba wa baharini, kwenye chanja za mianzi, mikono inanuka kamba hao, simu nimeibana kwa bega.

"Usiku wa ishirini na tisa, dada," alisema. Kwetu Bojonegoro nusu ya maharusi huozeshwa usiku huo huo, kadhi hana hata nafasi ya kukaa. "Utakuja?"

"Nitakuja."

"Sema kwa sauti, sikusikii. Siku zote unanong'ona."

"Nitakuja!"

"Uje kweli. Nitakuombaje njia kama hupo?"

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Mimi ndiye mkubwa, nina miaka ishirini na minne na sijaolewa. Mdogo akitaka kumruka dada yake, yaani kuolewa kabla yake, hupiga magoti mbele yake kabla ya ndoa, akampa kitambaa na viatu, akaomba apite, na dada akasema ndiyo mbele ya watu. Haisemwi kwa simu wala kwa mjumbe. Bibi yetu alirukwa bila kuombwa, na yeye na mdogo wake walizeeka nyumba zikitazamana, kila mmoja akichota maji kisima chake.

Ila mimi sikuwa mtu wa kuondoka nitakavyo. Nilikuwa mji wa Sidoarjo, mbali na kwetu, kwenye kiwanda cha Mama Mudrikah, na mfungo ndio msimu wetu, kwa sababu hakuna meza ya Idi isiyo na kerupuk. Mwezi huo hatupumziki hata Jumapili. Sheria yake ilikuwa moja, na alitusomea siku ya kwanza akiwa amesimama juu ya gunia la unga.

"Atakayefikisha saa mia moja sitini na tano mpaka siku ya ishirini na sita, ishirini na saba asubuhi aende kwao. Asiyefikisha atabaki kufunga mizigo hadi ishirini na tisa adhuhuri. Asije mtu kunililia."

Ishirini na tisa adhuhuri haikunifaa kitu, maana usiku wa ishirini na tisa huingia jua la ishirini na nane likizama.

Siku moja yetu ni saa saba na nusu. Ukija kila siku unavuka mbali. Lakini siku ya sita nikapatwa na homa ya mbu, nikalala siku nne sijui juu wala chini. Nilipoamka nilihesabu kwa vidole. Zimebaki siku ishirini na mbili, nikichanganya nilizofanya na zijazo. Siku mbili ni saa kumi na tano. Kumi na tano mara kumi na moja ni mia moja sitini na tano. Zinafika, kamili, bila hata dakika ya kuchezea.

Basi nikaanza kuweka kumbukumbu yangu. Donge la unga na kamba likishapikwa kwa mvuke hukatwa vipande vyembamba vya mviringo, na vingine hupasuka katikati. Kila jioni nilichukua nusu moja iliyopasuka, nikaitia kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda changu. Nusu moja kwa siku moja, na tano za siku za kabla ya homa nilizitia pamoja mara ya kwanza. Zile saa saba kamili sikuziweka. Saba ni saba, hakuna anayezisahau. Nusu ndiyo hupotea.

Miaka mingine Mama Mudrikah alijumlisha saa zetu mwenyewe kwa penseli, siku mbili nzima, na hakuna aliyethubutu kupita karibu na meza yake. Mwaka huu alikuja mpwa wake Wildan, ndiyo kwanza amemaliza chuo, na laptop yake. Alichukua daftari la shangazi yake akalinakili lote kwenye jedwali. Mama huandika 7.30, kama tuandikavyo sote, na Wildan akaandika vilevile. Kisha akatia fomula moja fupi chini ya safu, akaiburuta kwa kidole, na majina yote kumi na manane yakapata jumla kabla Mama hajamaliza kufuta miwani.

"Hii ndiyo kazi ya siku mbili, shangazi," alisema.

Siku ya ishirini na sita alasiri tukakusanyika barazani. Wildan akaanza kusoma.

"Dada Paini, mia na themanini na tisa nukta themanini."

Paini ndiye jirani yangu wa chanja, mwanamke wa makamo ambaye hajawahi kukosa siku wala neno. "Nukta themanini ndiyo nini, kaka?"

"Ndiyo nyongeza. Pokea tu."

"Nimepokea. Unifungie kwenye mfuko."

Watu wakacheka. Kila jina likapita, mia na themanini na mbili, mia na sabini na tano. Sutik, aliyeuguza mtoto siku sita, alikosa, naye alijua atakosa. Kisha nikasikia langu.

"Kastini. Mia na sitini nukta sitini."

Kicheko kikakatika. Wote walijua habari ya Ismi, maana Paini alikuwa ameshaieneza.

"Umepungukiwa saa nne na kitu, mwanangu," Mama Mudrikah alisema, na sauti yake haikuwa kali. "Ni ile homa."

Nilisogea nikaitazama ile namba kwenye kioo.

"Ningeweza ningekuachia. Lakini nikikuachia wewe, Sutik nimwambie nini? Mashine haina mpwa wala shangazi."

Nikaitikia kwa kichwa na kutoka. Nilienda kuingiza chanja ndani kabla umande haujashuka, huku machozi yanadondoka juu ya bidhaa za watu. Nilijiambia labda nilihesabu vibaya. Shule niliiachia darasa la tano, na yule ana cheti. Lakini ile sitini ilinikaa kichwani kama mfupa wa samaki. Mia na sitini nukta sitini. Kama nukta thelathini ya Mama ni dakika thelathini, basi hizi ni dakika sitini. Dakika zikifika sitini si huwa saa? Zinangoja nini pale? Na za Paini ni themanini. Saa ya nani ina dakika themanini?

"Wewe," Paini alikuwa nyuma yangu. "Ulimi umeuacha wapi leo, kwenye daku?"

Nikamweleza ile sitini, polepole. Alisimama na chanja mkononi.

"Nenda ukamwambie."

"Kanisemee wewe."

"Mimi niseme nini, nami nimeshafuzu? Anayeolewa ni mdogo wako au wangu?" Akanisukuma kwa ukingo wa chanja. "Kama huwezi kusema, kaoneshe. Kwani una mikono ya nini?"

Nikaenda chumbani nikachukua kopo.

Mama na Wildan walikuwa bado mezani wakipanga karatasi za wanaoondoka. Nikaweka kopo chini ya pua ya Wildan na kulifungua.

"Biskuti, na futari bado?" alisema. Kisha akachungulia. "Haya! Kerupuk mbovu."

Nikaanza kuzipanga mezani. Nusu na nusu, nikaziunganisha, zikawa duara moja. Nusu na nusu nyingine. Mikono ilijua kazi. Nilipomaliza, duara kumi na moja zilikuwa zimejipanga kando ya laptop.

"Hizi nini, Kastini?" Mama Mudrikah aliuliza.

"Nusu saa zangu," nilisema.

"Sema tusikie!" Paini akapaza sauti kutoka nyuma yangu. Nyuma yake walikuwa wengine saba au wanane.

"Nusu saa zangu. Siku ishirini na mbili, nusu ishirini na mbili. Ni saa kumi na moja." Nikaelekeza kidole kwenye kioo. "Saba mara ishirini na mbili ni mia na hamsini na nne. Kaka Wildan, yako imetoa mia na sitini na dakika sitini. Zangu kumi na moja imezifanya sita, na zile sitini imeziacha nje zinapigwa jua."

Wildan akatazama duara. Akatazama kioo. Akaweka kidole kwenye safu yangu na kuteremka nayo, 7.30, 7.30, 7.30, midomo inacheza. Kisha akajipiga paji la uso.

"Shangazi, ni kosa langu. Tunaandika nukta kwa dakika, lakini hii nimeipa nukta ikadhani ni sehemu ya mia. Thelathini ya mia siyo nusu. Kila siku imemla kila mtu dakika kumi na mbili."

"Kila mtu?" Paini akauliza.

"Kila mtu. Nyinyi hamkuona kwa sababu mlikuwa mmeshavuka."

"Na nyongeza yangu je?"

"Ulikuwa unaibiwa, dada, halafu unashukuru."

Baraza lote likaangua kicheko, hata Mama. Wildan hakucheka. Akageuza nukta zote za jedwali kuwa nukta pacha, ili mashine ijue kwamba anazungumzia saa na dakika. Kisha akaiita ile fomula upya. Tukainama wote juu ya mabega yake.

Mbele ya jina langu pakatokea 21:00.

"Ishirini na moja?" Mama Mudrikah akavua miwani. "Mtoto wa watu kafanya kazi mwezi mzima saa ishirini na moja?"

"Mrudishieni ile ya kwanza haraka," Paini akasema, "kabla hajaanza kudaiwa."

Shingo ya Wildan ikaloa jasho. Akabonyeza huku na huku, ishirini na moja ikakataa kuondoka. Adhana ilikuwa karibu na watu walianza kutazama birika la chai. Nikatazama saa ya ukutani juu ya kichwa chake, mshale wake unavyozunguka, unafika juu, unaanza tena.

"Haijachoka kuzunguka?" nikasema.

"Nini?"

"Hiyo. Labda ikimaliza siku moja inaanza upya, kama ya ukutani. Siku zilizopita haizisemi."

Wildan akageuka akanitazama, kisha akanitazama tena. "Mabano," akasema. Akafungua mahali pa kuchagua namna tarakimu zinavyoonekana, akaizungushia alama ya saa mabano ya mraba. Alisema ndiyo namna ya kuikataza isirudi sifuri baada ya ishirini na nne, tena alifundishwa chuoni, akasahau.

165:00.

Mama Mudrikah alichukua penseli yake ya zamani na kuzidisha kwenye bahasha, saba na nusu kwa ishirini na mbili, bila haraka. Kisha akaandika jina langu kwenye karatasi ya wanaoondoka na kunisogezea niweke sahihi.

"Baada ya Idi," alisema, "ukirudi, urudi na kopo lako. Kila Jumamosi utakaa hapa na huyu msomi. Yeye ajumlishe, nawe ujumlishe. Msipolingana, nyote mtaniambia."

"Mimi sijui kompyuta, Mama."

"Naye hajui kerupuk. Mtafundishana."

Wildan alikuwa anakusanya zile nusu ili azitupe. Nikamzuia mkono, nikazirudisha koponi moja moja. Adhana ikaita, tukafuturu.

Nilifika kwetu siku ya ishirini na saba kabla ya adhuhuri. Kesho yake jioni nyumba ilijaa hadi uani, na Ismi, shanga zikining'inia usoni, akaja kwa magoti juu ya mkeka mpaka miguuni pangu. Kitambaa kilikuwa cha kijani. Viatu vilikuwa vikubwa kidogo.

"Dada," alisema akilia, "naomba nipite."

Watu wote wakanigeukia. Shangazi wawili wakainua vichwa kabisa, maana walizoea kunisoma midomo.

"Pita, mdogo wangu," nilisema kwa sauti. "Pita kwa heri, nakuja nyuma yako."

Jikoni mtu akaangusha kijiko. "Nani huyo aliyesema?" sauti ikauliza. "Ni Kastini?"